Chupa Yasema "Asilia", Lakini Nani Ameona?



Juma lililopita bibi mmoja wa hapa Isevya alinisimamisha nilipokuwa nafunga mlango wa ofisi. Mkononi alishika chupa ya asali. Nilimwamkia, akaitikia, kisha bila kuzunguka akaniuliza: "Karani, wewe umesoma. Hapa pameandikwa ASALI ASILIA. Nimetoa fedha zaidi kwa ajili ya neno hili, maana mjukuu wangu anakohoa, nami sitaki kumpa kitu chenye dawa za shambani. Je, ni asilia kweli?"

Nilinyamaza kidogo. Karatasi ile niliichapa mimi.

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja mrina asali, mtu mwema nimjuaye tangu utoto wangu, alikuja ofisini akitaka nimchapie karatasi za kubandika katika chupa zake, chupa mia mbili. Nikamwuliza niandike nini. "Andika asali, mwalimu," akasema. (Huniita mwalimu kwa sababu nilipita chuo cha ualimu, ijapokuwa darasani sikukaa sana.) "Tena andika asilia. Watu wa mjini walipenda neno hilo." Nikaandika. Na kwa kutaka kupamba, nikaongeza kwa shauri langu mwenyewe: 100%. Asilimia mia ya kitu gani? Sikujiuliza. Mimi ambaye sitoi cheti cha ubatizo mpaka nimefungua kitabu nikaona jina, tarehe na namba, nilitoa cheti cha asali bila kuona hata mzinga mmoja.

Basi nilimwuliza bibi umri wa mjukuu. Akasema miaka minne. Nilishukuru, maana mtoto asiyetimiza mwaka mmoja haifai kupewa asali hata tone, iwe safi namna gani; yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Hilo naliandika hapa upesi kwa ajili ya akina mama wenye watoto wachanga, kisha turudi katika chupa yetu.

Alama ya uongo katika biashara si jambo jipya mjini petu. Zamani za misafara, wakati mizigo ilipopanda kutoka Bagamoyo mpaka hapa Unyanyembe kwa vichwa na mabega ya watu, nguo iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts. Katika miaka ya 1830 Waingereza nao walijaribu kufuma cha kukifananisha, wapate kuuza pwani. Lakini wanunuzi hawakudanganyika kwa muda mrefu. Walikishika, wakakivaa, wakakifua, wakasema: hiki si chenyewe, hakivumilii maji kama kile cha Marekani.

Ona tofauti basi. Nguo yaweza kufuliwa ukajua. Lakini shamba lililopulizwa dawa na shamba lisilopulizwa hutoa nyanya za rangi moja na ladha moja. Jicho halioni, ulimi hauonji, pua hainusi. Ndiyo sababu watu wakahitaji karatasi. Na penye karatasi tu pasipo jicho, hapo ndipo mwongo hupata nafasi, na mjinga kama mimi pia.

Kwanza tupambanue maneno, maana yamechanganywa sana. Asali "halisi" ni ile isiyotiwa sukari wala maji. Hilo ni swali la kwanza, na si dogo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitoa taarifa ya uchunguzi wa asali iliyoingia huko kutoka nchi za nje: katika sampuli 320 zilizopimwa, 147 zilitiliwa shaka kwamba zimechanganywa na maji ya sukari ya namna moja au nyingine. Yaani karibu nusu. Tena huko ndiko kwenye maabara na wakaguzi wengi. Nasi hapa kwetu hupima kwa njiti ya kiberiti, au kwa kudondosha asali katika glasi ya maji, au kwa kutazama kama sisimizi wanaikaribia. Ndugu zangu, vipimo hivyo havina nguvu. Asali nzito ya uongo itazama vizuri katika glasi, na asali ya kweli yenye majimaji itazima kiberiti. Na wale wanaotupa asali iliyoganda wakidai ni sukari, wanajitia hasara bure; asali ya kweli huganda, na hiyo si dalili ya ubaya.

Neno "asilia" ni jambo jingine. Hilo lapendeza masikioni, lakini likiandikwa peke yake halina kipimo. Kila kitu chaweza kuitwa asilia na mwenye kukiuza. Sumu ya nyoka nayo ni asilia.

Neno la tatu ndilo lenye sheria: kilimo hai. Hapo mtu hasemi tu kwamba chakula chake ni kizuri. Asema kwamba kimetoka kwa njia fulani iliyoandikwa, na kwamba mtu mwingine asiye yeye amekwenda kutazama. Katika Afrika Mashariki sheria hizo ziliwekwa pamoja mwaka 2007, zikakubaliwa na nchi za Jumuiya, na alama yake ikaitwa Kilimohai. Baada ya Ulaya, sisi ndio tuliokuwa wa pili duniani kuwa na kanuni moja ya namna hiyo kwa nchi kadhaa pamoja. Hapa Tanzania wasimamizi wa alama ni TOAM, chama cha kilimo hai cha nchi nzima. Mkulima huweza kukaguliwa na shirika la ukaguzi, au kikundi cha wakulima hukaguana wao kwa wao kwa utaratibu ulioandikishwa, shamba kwa shamba, wanunuzi nao wakikaribishwa kuona. Mbali na alama hiyo, wako wakulima wetu wauzao ng'ambo kwa vyeti vya huko: wengine wa kahawa ya Kagera, wengine wa kakao ya Kyela, wengine wa viungo vya Zanzibar.

Sasa msomaji aweza kuuliza: cheti hicho chathibitisha kwamba ndani ya chakula hamna sumu? La. Hapa wengi hukosea, hata waliosoma. Cheti huthibitisha njia. Kinasema kwamba mkulima hakutia mbolea za viwandani wala dawa zilizokatazwa, kwamba aliandika alichofanya, na kwamba shamba lilingojea muda wake. Kwa sheria ya Ulaya, shamba la mazao ya mwaka mmoja hungoja miaka miwili kabla ya kupanda zao litakaloitwa hai; mimea ya kudumu kama mkahawa hungoja miaka mitatu; mizinga ya nyuki hungoja mwaka mmoja. Dawa yaweza kupeperushwa na upepo kutoka kwa jirani, au kuja na maji ya mto. Kwa hiyo vipimo vya huko Ulaya vyaonyesha kwamba chakula cha kilimo hai hukutwa na masalio ya dawa mara chache zaidi kuliko chakula kingine. Mara chache zaidi, lakini si kwamba hakikutwi kabisa. Mwenye kukuahidi zaidi ya hapo anakuuzia maneno.

Wala si kweli kwamba mkulima wa kilimo hai hatumii dawa yoyote. Anaruhusiwa mwarobaini, anaruhusiwa pareto, na vitu vingine vilivyoandikwa katika orodha. Na kinyume chake, si kila kitokacho kwenye mmea kinaruhusiwa. Marekani, kwa mfano, wamekataza vumbi la tumbaku katika kilimo hai, ijapokuwa ni jani tu lililosagwa, maana nikotini ni sumu kali. Sisi wa Tabora, ambao wengine tumezoea kuloweka tumbaku na kunyunyizia mboga, tulitazame jambo hilo vizuri.

Je, wenye vyeti hudanganya? Hudanganya. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani ilimhukumu Randy Constant, mkulima na mfanyabiashara wa jimbo la Missouri, kifungo cha zaidi ya miaka 10. Tangu 2010 mpaka 2017 alikuwa akiuza mahindi na soya kwa jina la kilimo hai, na fedha za mauzo zilizidi dola milioni 140, ilhali sehemu kubwa ya nafaka hiyo ilikuwa ya kawaida. Cheti alikuwa nacho. Mashamba ya kweli ya kilimo hai alikuwa nayo pia. Alichofanya ni kuchanganya. Nafaka ile ikalishwa kuku na ng'ombe, na nyama yao ikauzwa kwa jina lile lile zuri, hata mlaji wa mwisho akala uongo uliopita matumbo mawili.

Mtu mwenye ekari kumi hawezi kuvuna magunia elfu. Mkaguzi mzuri hatazami majani tu. Huhesabu ekari, huhesabu magunia yaliyouzwa, kisha hulinganisha. Mkaguzi akiacha hesabu hiyo, cheti chake ni karatasi kama ile niliyoichapa mimi.

Kwa wakulima wadogo kama wetu ukaguzi una taabu yake. Mkulima wa ekari mbili hawezi kulipa gharama ya mkaguzi peke yake, basi hujiunga katika vikundi, na kikundi huwa na wakaguzi wake wa ndani. Mkaguzi wa nje hafiki kwa kila mtu. Kwa sheria mpya ya Ulaya kikundi kisizidi watu 2,000, na kila mwaka mkaguzi wa nje apite angalau kwa watu 5 katika kila 100. Waliobaki 95 wanategemea nini? Wanategemea jirani asemaye kweli juu ya jirani. Mimi naona hapo ndipo kamba ilipo nyembamba. Si rahisi kumwandika vibaya mtu mliyezika naye na kulima naye, tena ukijua kwamba ukimwandika, kikundi kizima chaweza kukosa bei.

Baada ya kuongea na yule bibi sikulala vizuri. Jumamosi nikachukua baiskeli nikaenda kwa mzee wangu, nikamwomba anionyeshe mizinga. Hakuuliza kwa nini. Tulitembea.

Hapa yafaa nieleze kanuni moja ya nyuki, maana ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu. Ng'ombe wa mtu waweza kumzuia kwa ua, nyuki huwezi. Kwa hiyo sheria ya Ulaya ya asali hai haiulizi shamba lako tu. Inataka katika umbali wa kilometa 3 kuzunguka mizinga, maua ambayo nyuki watayaendea yawe kwa sehemu kubwa ya pori, au ya mazao yaliyolimwa kwa kilimo hai, au ya mazao yasiyotiwa dawa kali. Kilometa 3 ni mwendo wa dakika arobaini hivi kwa miguu. Lakini ukiuzungusha mwendo huo kila upande utapata duara la kilometa za mraba 28. Na nyuki mwenye njaa huenda mbali zaidi ya hapo.

Mkoa wetu una utajiri ambao wengine hawana. Misitu ya miombo ya Sikonge, Kaliua na Uyui, yenye mitundu na miba ichanuayo bila kupandwa na mtu, ndiyo inayolisha nyuki. Mrina asali akienda siku mbili ndani ya pori na kutundika mizinga ya magome au ya magogo huko, asali yake yaweza kuwa hai kuliko chupa nyingi zenye muhuri, ijapokuwa hajasikia hata jina la Kilimohai. Lakini mkoa huu huu ndio wa tumbaku. Urambo ilianza kulima tumbaku katika miaka ya 1950, baada ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza kushindwa, na mpaka leo zao hilo ndilo lisomeshalo watoto wengi. Mimi mwenyewe ada yangu ilitoka huko, sina haki ya kulitukana. Ila tumbaku hupulizwa dawa. Hukaushwa kwa kuni za miti ile ile wanayoitegemea nyuki. Na maji matamu ya ua lake yana nikotini. Wakulima hukata maua mapema, na hilo husaidia. Lakini shamba lililochelewa kukatwa, nyuki hawaulizi ni la nani. Magazeti yamekwisha kuandika habari za asali ya maeneo ya tumbaku kukutwa na nikotini, na wanunuzi wa nje kuitilia shaka.

Tulipofika, mizinga ilikuwa kumi na mmoja. Saba ilikuwa mbali, ng'ambo ya mbuga, mahali ambapo hata mimi sikupajua. Minne ilitundikwa karibu na njia, na kutoka hapo niliona shamba la tumbaku bila kukaza macho.

"Lile ni la nani, mzee?"

"La kijana wangu," akajibu. "Kwa nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sijatia sukari hata siku moja." Na ni kweli. Hakuwa mwongo. Aliniambia asali yake ni asilia akiwa na maana kwamba ni halisi, nami nikaandika asilia, mnunuzi akaisoma kuwa hai. Neno moja lilipita mikono mitatu likibadilika kila mkono.

Lakini kilichonisumbua zaidi kilikuwa nyumbani kwake. Asali ya mizinga yote aliichanganya pamoja, ya mbali na ya karibu, katika madumu mawili. Dumu moja lilikuwa la mafuta ya kula. La pili nililigeuza, nikaona kando mabaki ya karatasi yenye alama ya fuvu. Lilikuwa dumu la dawa ya shambani. "Nimelifua mara tatu kwa majivu," akasema. Ndugu msomaji, kama una dumu la namna hiyo ndani ya nyumba yako, la maji, la pombe, la mafuta au la asali, usilifue mara ya nne. Litoboe leo. Plastiki hunywa dawa na kuirudisha polepole, na hakuna majivu yaitoayo.

Tuliketi tukashauriana. Asali ya dumu lile hakuiuza. Ilimwuma, maana ilikuwa karibu nusu ya mavuno. Ile ya dumu la pili ataiuza bila neno asilia. Mizinga minne ataihamisha msimu ujao, kama kijana wake atamsaidia kubeba. Nami nilichapa karatasi mpya, kwa gharama yangu safari hii: Asali ya nyuki. Chini nikaweka jina la kijiji, mwezi wa kurina, na namba ya simu ya mzee, ili anayetaka kuuliza habari za mizinga amwulize mwenyewe. Bei imeshuka kidogo. Mzee hakufurahi, wala sikutegemea afurahi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza sokoni, hata wauzaji wengine wakiniona hugeuka. Kwa mwenye asali nauliza mizinga iko wapi na karibu yake kumelimwa nini, na alikuwa ameihifadhi katika chombo gani. Kwa mwenye nyanya sisumbuki na neno asilia. Nauliza alipuliza lini mara ya mwisho, maana kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kuchuma, nazo zimeandikwa kwenye chupa ya dawa. Mwenye kujua hujibu bila kufikiri. Asiyejua hucheka. Na nikiona alama ya Kilimohai, namwuliza kikundi chake kinaitwaje na nani aliwakagua. Mwenye haki ya alama ile ana jibu na hupenda kulitoa, kwa kuwa limemgharimu. Kwa maembe ya miti hii mikubwa ya barabarani siulizi kitu. Sijaona mtu wa kuipulizia.

Yule bibi nilimwendea Jumapili jioni. Nilimweleza yote, pamoja na dumu, pamoja na ile "100%" yangu. Alisikiliza, akaingia ndani, akarudi na chupa ikiwa imejaa kasoro vijiko viwili. "Basi huyo mzee anirudishie fedha yangu," akasema, "na wewe unirudishie ile nyongeza ya neno." Nililipa. Karatasi za kwanza zilizobaki, mia moja na kumi na saba, zimo katika meza yangu. Upande wa nyuma ni nyeupe, nami naziandikia matangazo ya juma.